Paka wa Kalenda

Maishani nimeitwa kutoa ushahidi mara moja tu, mbele ya shefu wa avenyu yetu hapa Baraka, mashariki mwa Kongo, na swali nililoulizwa lilikuwa hili: je, paka wa Ufaransa anaijua ndagala?

Nilikuwa nimekalia kibao kifupi, magoti yamenifika kidevuni. Kushoto alikaa mama mwenye ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, amekunja turubai lake lenye alama za kucha, amelishika kama mtu anavyoshika hati ya kiwanja. Kulia alikaa prefe, mkuu wa shule, amevaa koti kwenye jua la saa saba, na paka mapajani. Paka alikuwa amelala. Tumbo lilikuwa limemtuna, na karibu na sharubu kiling'aa kigamba kimoja kidogo cha rangi ya fedha. Kigamba kile tulikiona sote. Lakini prefe alikuwa na hoja yake, na hoja ile mtungaji wake ni mimi.

Kazi yangu ni kutunza depo ya shirika moja la misaada. Mtaani wananiita Papa Depo. Depo ni ufalme wa etiketi: kila katoni lazima iseme ina nini, imetoka wapi, imeingia lini na itaharibika lini. Katoni ikisema sabuni na ndani ikakutwa mishumaa, anayetafutwa ni mimi. Nawaeleza haya ili mjue kwamba nilichokuja kukifanya sikukifanya kwa kukosa elimu.

Wageni wa mashirika huja kwa misheni ya miezi sita, na wakirudi kwao huacha vitu vitatu: chupa za pilipili isiyowasha, vitabu ambavyo kurasa za mwisho zimeng'oka, na paka. Muuguzi mmoja Mfaransa alikuwa amebakiza siku nne. Nyuma ya jenereta ya nyumba yake paka wa mtaani alikuwa amezaa watoto watatu, naye akawalea kwa sindano ya maziwa na vipande vya samaki. Yule mama mtu akapendana na mlinzi wa usiku, akahamia kwake. Watoto wakabaki. Muuguzi akanikabidhi kikapu, macho yamemjaa machozi, akaniomba niwatafutie nyumba nzuri.

Madereva walikuwa wamekwisha kuwapa majina: Moja, Mbili na Tatu. Kwetu majina hayo yana historia. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akashuka Kibamba pamoja na Wakuba, na kila mmoja akafichwa nyuma ya namba ya Kiswahili. Dreke, mmoja wao, aliyeonekana mbele ya watu kama mkuu, akawa Moja. Che mwenyewe akawa Tatu, akatambulishwa kuwa daktari na mkalimani wa Kifaransa, na wenyeji waliompokea hawakujua mara moja kwamba wamempokea nani. Kwa hiyo kusema uongo juu ya asili ya mgeni katika milima yetu ya Fizi si jambo nililolianzisha mimi. Lina ukoo wa heshima.

Hata hivyo, nilianza na ukweli. Asubuhi nilibeba kikapu mpaka sokoni.

"Mama, hutaki paka?"

"Paka gani?"

"Paka tu."

"Paka tu wamejaa kule mwaloni, Papa Depo. Wananiibia samaki bila mimi kuwaomba. Sasa nikaombe mwingine?"

Wa pili aliniuliza nitamlipa kiasi gani ili amchukue. Wa tatu, mzee mmoja mpole, alimpapasa Mbili chini ya mbavu, akampima uzito mkononi mara mbili, akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda. Nilifunika kikapu nikasema hawa wana wenyewe.

Aliyenifungua macho ni kijana wa teksi ya pikipiki aliyekuwa akinitazama tangu asubuhi. "Papa," akasema, "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na wewe tangu saa mbili unatembeza. Hao si wametoka kwa Wazungu? Basi sema ni wa Wazungu."

Sikudanganya papo hapo. Nilirudi kwanza nyumbani kwa muuguzi nikafikiri, na hapo ndipo dhambi huivia. Jikoni kwake ukutani ilining'inia kalenda ya Kifaransa, kila mwezi na paka wake, kila paka na jina lake chini. Nikamtoa Moja kwenye kikapu, nikamwinua mpaka usawa wa ukuta, nikaanza kufunua miezi. Mwili wake ulikuwa mweupe wa maziwa, ila uso, masikio, nyayo na mkia vilikuwa vyeusi. Mwezi wa pili: Siamois. Alikuwa ni yeye, kama aliyekwenda kupigwa picha ya pasipoti! Mbili alikuwa na manyoya yaliyosimama pande zote kama mtu aliyepewa habari mbaya. Mwezi wa nane: Angora. Tatu nilimpitisha kwenye miezi yote kumi na miwili, nikarudia, nikakosa. Alikuwa na baka jeusi, baka la rangi ya chungwa na baka jeupe, kama kitambaa cha fundi cha kufutia brashi. Nikamrudisha kikapuni.

Kisha nikafanya nilichozoea kufanya. Nilikata vipande vya katoni, nikachukua kalamu nene ya depo, nikaandika: SIAMOIS. ASILI: ASIA. KUPITIA: UFARANSA. Nikatoboa tundu, nikapitisha uzi, nikamvisha shingoni. Mbili naye nikamvisha ya kwake.

Haikufika saa moja. Moja alichukuliwa na mama mwenye mgahawa karibu na maegesho ya magari ya Uvira, aliyesema wateja wake wanastahili kula mbele ya kitu cha maana. Mbili alichukuliwa na prefe, ambaye alisoma etiketi yote, akaitoa shingoni kwa uangalifu na kuitia kwenye mfuko wa shati.

Siku ya tatu mama wa mgahawa alinijia depo. Alikuwa na beseni la plastiki kichwani na kitu cheupe kilicholowa begani. Alishusha beseni mbele ya miguu yangu. Maji yalikuwa meusi kama kahawa.

"Papa Depo," akasema, akionyesha maji, "Siamois yako ndiyo hii." Kisha akashusha kile cheupe kilichokuwa kikitetemeka. "Na hii ni nini?"

Hapo nikakumbuka kwamba katika jiko la muuguzi, kila mbabula, lile jiko la makaa, ilipozimika, Moja alikuwa na tabia ya kuingia ndani yake kichwa mbele kutafuta joto la jivu, na kutoka akiburuza mkia. Usoni masizi, masikioni masizi, nyayoni masizi. Uasia wake wote ulikuwa wa makaa.

"Wateja walikuwa wanakuja kumwona," mama akasema. "Sasa wananiuliza kama na samaki wangu nimewapaka rangi."

Baadaye daktari mmoja wa mifugo alinieleza kwamba Siamois wa kweli huzaliwa mweupe, na rangi yake hukolea pale tu mwili unapokuwa wa baridi kidogo: puani, masikioni, miguuni na mkiani. Ni rangi inayopikwa na baridi, haitoki kwa sabuni. Mimi nilikuwa nimeuza rangi iliyopikwa na moto.

Mama alimwacha Moja kwangu akaondoka na beseni lake. Yule kitoto alikuwa amekwisha kupajua mahali pa kulala chini ya meza ya mgahawa, na usiku ule alilia akizunguka depo nzima akipatafuta. Aliyedanganya ni mimi. Aliyerudishwa ni yeye.

Wiki mbili baadaye ndipo shefu akaniita.

Prefe hakuwa mtu mbaya. Shida yake ni kwamba aliiamini etiketi yangu kuliko mimi mwenyewe. Kwa kuwa paka alikuwa wa Ufaransa, prefe alimlisha chakula alichokiona cha Kifaransa: wali kwa maziwa ya unga, na Jumapili sadini za kopo. Maziwa yakamwendesha tumbo. Mkewe alipotaka kumtupia kichwa cha ndagala, prefe alimzuia kwa mkono wake mwenyewe, akisema mnyama wa mbegu ile chakula cha hapa kitamwua. Basi Mbili akakonda. Halafu, siku moja, akaacha kukonda, na siku hiyo hiyo jirani akaanza kuona turubai lake la kuanikia linapungua.

"Shefu," prefe akasema, amesimama kama yuko darasani, "twende kisayansi. Ndagala ni samaki wa ziwa letu la Tanganyika. Ufaransa hayupo. Mnyama huyu asili yake ni ya huko. Hawezi kutamani kitu ambacho ukoo wake haujawahi kukiona." Akatoa mfukoni kipande cha katoni, akakiweka mezani. Mwandiko wangu. Kalamu ya depo.

Mama mwenye ndagala akajibu kwa ufupi: "Kama haijui, mbona anachagua zile kubwa?"

Shefu akanigeukia. "Papa Depo. Wewe ndiwe uliyeandika. Paka huyu ni wa wapi?"

Mtu muongo huwa na bahati ya mwisho ya kunyamaza. Mimi niliipoteza kwa kutaka kuonyesha kwamba ninajua. "Shefu," nikasema, "kusema kweli, Angora ni jina la zamani la Ankara, mji wa Uturuki."

"Kwa hiyo ni Mturuki."

"Hapana, shefu."

"Prefe anasema Mfaransa, wewe unasema Mturuki. Na Uturuki kuna ndagala?"

"Shefu," nikasema, na jasho linanitiririka, "amezaliwa nyuma ya jenereta."

Nilidhani nimekwisha kusikia kicheko maishani. Mama mwenye ndagala alicheka mpaka turubai likamwanguka. Wapita njia walisimama kucheka bila kujua kesi yenyewe. Mbili akaamka, akajinyoosha, akalamba kile kigamba, na ushahidi ukaisha. Nikahukumiwa kulipa ndagala zote, pamoja na sukre, yaani soda, nne za wazee wa baraza.

Prefe ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa anazungusha kile kipande cha katoni mkononi. "Nilikuwa nimekwisha kuwaandikia ndugu zangu wa Bukavu," akaniambia polepole. Hapo nikaona aibu ambayo shefu hakuweza kunitoza.

Paka wake alibaki naye. Manyoya yale ya kitoto yalipukutika, akatokea paka mwembamba wa kijivu ambaye utamwona kila mahali kuanzia Uvira hadi Kalemie. Lakini panya wa ofisi ya shule, waliokuwa wamekula biletini, zile ripoti za matokeo, za darasa zima, walikwisha. Na sasa anakula ndagala, za kununuliwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma habari za mbegu za paka, kama mtu anayesoma habari za ugonjwa uliomwuma. Nimefarijika kidogo. Mambo haya ya vyeti si ya kale: maonyesho makubwa ya kwanza ya paka yaliandaliwa London mwaka 1871 na Harrison Weir, katika jumba la Crystal Palace, na miongo iliyofuata ndiyo iliyoleta vyama vya kuandikisha ukoo wa paka kama ukoo wa wafalme. Kabla ya hapo, paka karibu wote walikuwa paka tu.

Na kalenda nayo ilikuwa na Papa Depo wake. Yule wanayemwita Paka wa Abisinia alipata jina hilo Uingereza, baada ya jeshi lao kurudi kutoka vita vya Abisinia vya 1868. Vinasaba vyake vilipochunguzwa, vilielekeza kwenye pwani za Bahari ya Hindi upande wa Asia, si Ethiopia. Paka wa Uajemi, mfalme wa matakia, vinasaba vyake vimekutwa karibu zaidi na paka wa Ulaya Magharibi. Kinyume chake, pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Wagiriama walikuwa na paka waliyemwita khadzonzo kwa sababu manyoya yake yana michoro kama gome la mti. Mwaka 1978 Jeni Slater aliwakuta watoto wa paka huyo shambani kwake, miaka ya 1980 wengine wakapelekwa Denmark, na leo ni mbegu yenye vyeti Ulaya, inaitwa Sokoke. Siku moja kabla ya vyeti alikuwa paka tu, na siku moja baada ya vyeti alikuwa na sharubu zile zile.

Juu ya yote, watafiti walichapisha mwaka 2007 katika jarida la Science kwamba paka wote wa nyumbani duniani, wa kwenye kalenda na wa nyuma ya jenereta, wanatokana na paka-mwitu wa aina moja, yule wa Afrika na Mashariki ya Kati. Nilimpelekea prefe habari hiyo. Akaisoma mara mbili. "Kwa hiyo," akasema, "wale wa Ufaransa ndio waliotoka huku." Tangu hapo tunasalimiana.

Alikuwa amebaki Tatu, asiye na mwezi. Nilimpeleka kwa mama mmoja mjane, mwenye umri wa mama yangu, anayeishi juu kidogo kwenye njia ya kwenda Fizi. Yeye na wanawe walikimbilia Tanzania mwaka 1996, wakaishi kambi ya Nyarugusu miaka mingi, kisha wakarudi kwa meli kutoka Kigoma. Kule waliitwa Wakongomani. Walipofika hapa, kwa sababu ya ile shikamoo yao na marahaba, watoto wa mtaa wakawaita Watanzania.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeniletea nini?"

Nilifunua kikapu. Nikafungua mdomo, na yeye akaniinulia mkono.

"Habari zako zimefika huku. Usiniambie ni wa kabila gani. Niambie anaogopa nini."

Nilikaa kimya kwanza. Katika nchi yetu hii, swali la kabila limekwisha kuchoma vijiji, milimani na pwani, na sijawahi kumsikia mtu akiulizwa anaogopa nini.

"Kule kambini," mama akaendelea, "nilikuwa na kadi. Inasema jina, inasema nimetoka wapi, inasema familia ya watu sita. Nilichukulia chakula kwa kadi ile miaka yote. Lakini haikusema kwamba naogopa radi. Siku ya mvua hakuna aliyejua kwamba nakaa chini ya kitanda."

Basi nikamweleza. Huyu, mama, anaogopa pikipiki. Ikipita atapanda chochote kilicho karibu, hata wewe. Hapendi kushikwa tumbo. Bugali anakula, ila mpaka uguse mchuzi wa samaki. Choo chake ni mchangani, usipompa mchanga atachagua unga. Ana miezi mitatu hivi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hajapata, nitampeleka mwenyewe. Anaiba, nakuambia mapema nisije nikaitwa tena kwa shefu. Akikamata panya hula kichwa, mkia hukuachia mlangoni kama kodi.

Mama alikuwa anacheka. Alimtia Tatu kwenye kitenge chake kama mtoto. Nilijisikia nimetakasika. Nilijisikia vizuri kiasi kwamba, nikiwa nimekwisha kufika njiani, niligeuka nikaongeza kitu ambacho hakuniuliza:

"Na ni dume, mama! Hatakusumbua na uzazi."

Miezi ilipita. Jumamosi moja nasikia hodi depo. Ni yule mama, na kikapu changu mwenyewe kichwani.

"Papa Depo," akasema kwa upole, "baba amejifungua."

Walikuwa wanne. Nilimpigia daktari wa mifugo nikidai ni muujiza. Akaniuliza Tatu ni wa rangi gani. Nikamtajia: nyeusi, chungwa, nyeupe. Kimya kidogo, kisha nikamsikia anacheka. Ili paka awe na rangi nyeusi na ya chungwa kwa pamoja, akaniambia, kwa kawaida huhitaji kromosomu X mbili, na dume ana moja. Paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Mtunza depo mimi, niliyezunguka mji mzima na kalamu nene nikiwavisha paka etiketi za kutunga, nilikuwa nimeibeba mikononi etiketi moja ya kweli, imeandikwa mwili mzima kwa rangi tatu, na sikuisoma.

Hivi sasa wale wanne wako kwenye kikapu pembeni ya meza yangu, na Moja amelala juu ya katoni za sabuni akiwatazama kama mjomba asiyependa wageni. Nimekata vipande vya katoni vipya. Cha kwanza kinasema: ANAUMA AKISHTUKA, ANASAMEHE HARAKA. Cha pili: ANALIA USIKU WA KWANZA, WA PILI ANANYAMAZA. Kwenye mstari wa jinsia nimeandika vyote vinne namna moja: MWULIZE DAKTARI.

Jana amekuja mama wa mgahawa. Panya wamemzidi. Aliinama juu ya kikapu, akasoma etiketi zote, hakusema neno. Akamchagua mmoja mweupe mwenye masikio meusi. Akamwinua mpaka kwenye mwanga wa mlango. Kisha akalamba kidole gumba, akalisugua lile sikio kwa nguvu, akakitazama kidole chake mbele na nyuma.

"Huyu namchukua," akasema.